Ning Hai na Ping Hai: Manowari Mbili za Doria za Uchina

Tarehe 10 Oktoba 1931, katika karakana ya meli ya Harima, kando ya Bahari ya Ndani ya Japani, manowari mpya ilishushwa majini. Siku yenyewe haikuwa ya hivi hivi. Ilikuwa siku ya kukumbuka mapinduzi ya mwaka 1911 yaliyouangusha utawala wa wafalme wa Uchina, na manowari ilikuwa mali ya Uchina. Jina lake lilikuwa Ning Hai, maana yake bahari iliyotulizwa. Lakini siku 22 tu kabla ya sherehe hiyo, usiku wa tarehe 18 Septemba, askari wa Japani walikuwa wameushambulia mji wa Mukden, na kazi ya kuinyang'anya Uchina nchi nzima ya Manchuria ilikuwa imekwisha anza. Basi mafundi wa taifa moja walikuwa wakiipigilia misumari manowari ya jirani yao, huku ndugu zao wenye bunduki wakimteka jirani yule yule miji yake.

Mwaka 1937 ndege za Japani ziliipiga manowari hiyo mpaka ikakaa chini ya mto. Mwaka 1944 ilizama mara ya pili, safari hii ikiwa na bendera ya Japani. Mwenzake, Ping Hai, iliyojengwa Shanghai kwa michoro ile ile, ilipatwa na mambo hayo hayo. Vitabu vingi vya historia ya vita vya baharini huzipita manowari hizi kwa mistari miwili mitatu, kwa kuwa zilikuwa ndogo na kwa kuwa hazikuzamisha meli yoyote ya maana. Hata hivyo ziko manowari kubwa chache zinazoonyesha wazi kama hizi jinsi dola maskini inavyotafuta ngao yake, na mahali inapolazimika kuitafuta.

Kruza, kwa namna ilivyofahamika katika miaka ile baina ya vita viwili vikuu, ni manowari ya kati. Haina mizinga mizito wala siraha nene za manowari kubwa za kupigana safu kwa safu, nayo ni kubwa kuliko merikebu ndogo za kurushia topido. Kazi yake ni kuzunguka: kulinda njia za biashara, kufukuza waporaji, kuonyesha bendera katika bandari za mbali, na kuwa jicho la kundi la manowari kubwa. Mkataba wa Washington wa mwaka 1922 uliweka mpaka wa tani 10,000 na mizinga ya inchi 8 kwa manowari za namna hii. Matokeo yake hayakutazamiwa, maana kila dola yenye nguvu ilianza kujenga kruza za kuufikia mpaka huo, kana kwamba mpaka ulikuwa amri. Waingereza, waliokuwa na njia ndefu za bahari za kulinda, walitaka kruza nyingi ndogo kuliko kruza chache kubwa. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 1927 walidai wanahitaji 70, na mkutano ukavunjika bila mapatano. Katika mkutano wa London wa mwaka 1930 walikubali 50, na hapo ndipo kruza nyepesi ilipotengwa rasmi na kruza nzito: nyepesi ni ile isiyo na mzinga unaozidi milimita 155.

Uchina haikuwamo katika mapatano hayo ya kupunguza manowari. Haikualikwa kwa sababu haikuwa na cha kupunguza. Hakuna mkataba uliokuwa ukiizuia kujenga manowari ya tani 30,000 kama ingependa. Iliyoizuia ni hazina yake.

Nchi hii haikuwa mgeni wa bahari. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana haja ya kukumbushwa habari za Zheng He, ambaye kati ya mwaka 1405 na 1433 aliongoza misafara ya merikebu kubwa katika Bahari ya Hindi, na baadhi yake zikafika Malindi. Wala habari za twiga ambaye wajumbe wa Malindi walimfikisha kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415. Lakini kumbukumbu iliyowauma maofisa wa bahari wa Uchina katika miaka ya 1930 haikuwa hiyo ya fahari. Ilikuwa ya mwaka 1894 na 1895. Katika vita vya miaka hiyo kundi la manowari za kaskazini, lililokuwa na manowari mbili kubwa zilizojengwa Ujerumani, Dingyuan na Zhenyuan, lilishindwa na Wajapani karibu na mdomo wa mto Yalu, kisha likazingirwa na kumalizwa katika bandari ya Weihaiwei. Dingyuan iliangamia. Zhenyuan ilichukuliwa mateka, ikapewa jina kwa matamshi ya Kijapani, na mwaka 1905 ilikuwamo katika kundi la Japani katika vita vya Tsushima. Nanga zake ziliwekwa katika bustani ya Ueno mjini Tokyo ili watu wapitao wazitazame.

Baada ya hapo jeshi la bahari la Uchina liliishi kama mtu aliyenusurika ajalini. Liliagiza kruza chache kutoka Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Bora kati ya hizo, Hai Qi, ilijengwa Uingereza, na mwaka 1911 ilivuka bahari kuu mpaka New York, safari ambayo Wachina waliisimulia kwa furaha miaka mingi. Kabla na baada ya mapinduzi zikaja nyingine mbili ndogo za mafunzo, Zhao He na Ying Rui, nazo pia kutoka Uingereza. Halafu mlango ukafungwa. Mwezi wa Mei 1919 dola kubwa zilipatana kutoiuzia Uchina silaha mpaka itakapokuwa na serikali moja inayotambuliwa na wote, na zuio hilo halikuondolewa mpaka mwezi wa Aprili 1929. Kwa miaka kumi kamili, miaka ambayo mafundi wa Ulaya, Marekani na Japani walikuwa wakibadilisha kila kitu katika ujenzi wa manowari, Wachina walibaki wakipaka rangi merikebu za baba zao.

Hata merikebu hizo hazikuwa na bwana mmoja. Maofisa wengi wa kundi lililoitii serikali ya Nanjing walitoka jimbo la Fujian, wakajuana, wakaozana na kupandishana vyeo wao kwa wao. Kundi la kaskazini mashariki lilikuwa chini ya mkono wa Zhang Xueliang. Kundi la Guangdong lilikuwa na mambo yake. Mwaka 1933 Hai Qi na wenzake wawili waliiacha bandari ya Qingdao wakaenda kujiunga na Guangdong. Mwaka 1935 Hai Qi na mmoja wao waliichoka Guangdong nayo, wakakimbilia Hong Kong. Manowari zilihama kama wapangaji wanaokorofishana na wenye nyumba.

Katika hali hiyo ndipo alipoinuka Chen Shaokuan, mzaliwa wa Fujian wa mwaka 1889, naibu waziri wa bahari tangu mwaka 1929 na waziri kamili tangu 1932. Chen alikuwa ameviona vita vya kwanza vya dunia kutoka Uingereza, akiwa ofisa aliyetumwa kutazama na kujifunza, na alirudi nyumbani na ndoto ya jeshi la bahari lenye kuhesabiwa kwa malaki ya tani. Aliyopewa ni kidogo. Serikali ya Chiang Kai-shek ilikuwa imetoka katika vita vikali vya mwaka 1930 dhidi ya majemadari wa kaskazini, ilikuwa ikipigana na Wakomunisti katika milima ya kusini, na katika majira ya joto ya mwaka 1931 mto Yangtze ulifurika kwa gharika mbaya kabisa, ukafagia mashamba na vijiji vya mamilioni ya watu. Ofisa wa bahari anayeomba fedha katika mwaka kama huo hana budi kuomba kwa sauti ya chini.

Ndivyo ilivyozaliwa fikra ya kruza ndogo. Ning Hai ilikuwa na uzito wa tani 2,500 na kitu, urefu wa mita 110 hivi, na upana usiofika mita 12. Ilibeba mizinga 6 ya sentimita 14, miwili miwili katika minara mitatu, mizinga 6 ya milimita 76 ya kupigia ndege, na mirija 4 ya topido. Ndani ya banda dogo ilihifadhi ndege nyepesi ya kuelea yenye mabawa ya kukunjwa. Ya kwanza ilitengenezwa Japani, na ya pili Wachina waliitengeneza wenyewe. Ukisoma orodha hiyo bila kutazama mashine, unaweza kudhani Wajapani waliwauzia Wachina kruza kamili kwa bei ya nusu yake.

Ukweli uko chini ya sitaha. Mwaka 1923 Wajapani walimaliza kujijengea kruza ndogo iliyoitwa Yubari, kazi ya mhandisi wao mashuhuri Hiraga Yuzuru. Yubari nayo ilikuwa na mizinga 6 ya sentimita 14, na uzito wake haukuizidi Ning Hai kwa mengi, tani 3,000 hivi. Lakini Yubari ilikuwa na mashine za nguvu za farasi karibu 58,000, na mwendo wake ulizidi maili 35 za bahari kwa saa. Ning Hai ilipewa mashine za mvuke za mtindo wa zamani, za mapistoni yanayopanda na kushuka, zenye nguvu za farasi kama 10,000, na mwendo wake ulikuwa maili 23 hivi. Mwendo majini hununuliwa kwa bei inayopanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe: kuongeza nusu ya mwendo huweza kudai nguvu mara tano au sita. Mnunuzi mwenye mfuko mwembamba huanza kukata hapo. Mashine za mapistoni zilikuwa rahisi kujengwa, rahisi kutunzwa na mafundi waliozizoea, na ziliweza kula makaa ya mawe ya nyumbani. Ila kruza isiyoweza kumkimbiza adui wala kumkimbia, hiyo ni kruza kwa mizinga yake tu.

Si haki kuilaumu michoro hiyo bila kutazama kazi iliyokusudiwa. Chombo chenye kina cha mita 4 hivi chini ya maji kinaweza kupanda mto Yangtze mpaka Nanjing na kupita. Kinaweza kuzunguka pwani ndefu ya visiwa, kuwatisha maharamia, kumfikia jemadari mwasi mdomoni mwa mto na kumkumbusha kwamba iko serikali. Mizinga yake ilizidi chochote ambacho jemadari wa jimbo angeweza kuweka majini. Kwa adui wa ndani Ning Hai ilitosha kabisa. Kwa adui wa nje, na kila mtu alijua ni nani, ilikuwa chombo kilichotoka mkononi mwake, ambacho unene wa kila bamba lake yeye alikuwa ameupima. Na liko swali ambalo halihitaji kuwa mhandisi kuliuliza: vita vikizuka, risasi za mzinga wa sentimita 14 wa Kijapani zitatoka wapi?

Chen na wasaidizi wake walilijua swali hilo. Jibu lao lilikuwa mpango wenyewe: ya kwanza ijengwe Harima, ya pili ijengwe katika karakana ya Kiangnan mjini Shanghai kwa mikono ya Wachina, nao wajifunze humo. Mkuku wa Ning Hai uliwekwa mwezi wa Februari 1931, na wa Ping Hai mwezi wa Juni mwaka huo huo. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa tatizo, lakini wanafunzi maskini hawachagui walimu.

Tarehe 28 Januari 1932 vita viliingia Shanghai. Askari wa bahari wa Japani waliishambulia sehemu ya Wachina ya mji huo, ndege zikatupa mabomu juu ya nyumba za watu, na Jeshi la Njia la 19 la Uchina likapigana kwa ushujaa ulioishangaza dunia. Wakati huo Ning Hai ilikuwa bado gatini huko Harima ikifungwa vyombo vyake, na Ping Hai ilikuwa mifupa mitupu juu ya viunzi vya Kiangnan. Manowari za Uchina zilizokuwamo mtoni hazikupiga mzinga. Zilinyamaza wakati manowari za Japani zikipita mbele yao, na ghadhabu ya wananchi ikamwangukia Chen Shaokuan. Aliitwa mwoga, na wapo waliomwita msaliti. Magazeti na wajumbe wa serikali walitaka kujua jeshi la bahari lina faida gani ikiwa halipigani wakati bahari imeingia mlangoni.

Kwa kumtetea, inaweza kusemwa kwamba manowari zake kongwe zingezamishwa katika muda wa asubuhi moja, na kwamba serikali yenyewe ilitaka vita hivyo visienee. Hayo yote ni kweli. Lakini liko jambo jingine ambalo watetezi wake hawapendi kuligusa. Nusu ya tumaini lake ilikuwa mikononi mwa Wajapani, imefungwa kamba katika gati lao. Mtu ambaye ngao yake iko kwa fundi hawezi kugombana na fundi kabla hajaichukua. Hakuna hati inayohitajika kuthibitisha kwamba fikra hiyo ilimpitia kichwani. Ingekuwa ajabu kama haikumpitia. Vita vya Shanghai vilisimamishwa mwezi wa Mei. Mwanzoni mwa mwezi wa Septemba Ning Hai ilikabidhiwa kwa wenyewe na kuingizwa kazini. Karakana ya Harima ilikuwa imeutimiza mkataba wake kwa uaminifu, wakati serikali ya nchi yake ilikuwa ikiumega upande wa kaskazini wa nchi ya mteja.

Aibu kubwa kuliko hiyo ilikuja mwaka 1934. Tarehe 30 Mei alifariki Togo Heihachiro, mshindi wa Tsushima, na dola kubwa zilituma manowari zao Japani kwa mazishi yake. Uchina ilituma Ning Hai. Kwa desturi za mabaharia jambo hilo halina kasoro, na chombo kilichojengwa Japani kilikuwa na kila sababu ya kuonyeshwa huko. Lakini Togo huyo ndiye aliyekuwa nahodha wa kruza Naniwa mwezi wa Julai 1894, alipoizamisha meli Kowshing iliyowachukua askari zaidi ya 1,000 wa Uchina, na wengi wao wakafa maji. Wachina wengi walikuwa bado hai ambao baba zao au kaka zao walipotea siku ile. Ning Hai ikasimama katika ghuba ya Tokyo, miongoni mwa manowari za mataifa, kumpa heshima ya mwisho mtu huyo. Safari hiyo ilimletea Chen maneno makali, na ni vigumu kusema hakuyastahili. Ununuzi wa mwaka 1930 ulikuwa wa lazima ya ufukara. Heshima ya mwaka 1934 haikulazimishwa na ufukara wowote.

Ping Hai ilikuwa ikisuasua. Fedha zilikatika, vifaa vilichelewa, uhusiano na Japani ulipanda na kushuka, na mkuku uliowekwa mwaka 1931 haukuzaa chombo cha kushushwa majini mpaka mwezi wa Septemba 1935. Hata hapo ilikuwa bado haina silaha, kwa kuwa mizinga yake mikuu ilikuwa ya aina ile ile ya Kijapani. Katika silaha za kupigia ndege, Wachina waliiendea Ujerumani, na waliacha kabisa fikra ya kuibebesha ndege. Mabadiliko hayo mawili yanaonyesha kwamba ndani ya miaka minne wahandisi wa Nanjing walikuwa wameanza kuelewa hatari itatokea upande gani. Ping Hai iliingia kazini rasmi mwezi wa Aprili 1937. Jina lake maana yake ni bahari shwari. Ilikuwa imebakiwa na miezi mitatu ya amani.

Vita vilianza karibu na Peking tarehe 7 Julai 1937, na katikati ya mwezi wa Agosti vikafika Shanghai. Chen Shaokuan safari hii hakunyamaza, wala hakutoka baharini kutafuta kifo cha fahari. Alichagua mahali paitwapo Jiangyin, kati ya Shanghai na Nanjing, ambapo kingo za Yangtze hukaribiana kabla mto haujapanuka kuelekea bahari, na ambapo palikuwa na ngome za mizinga juu ya vilima. Usiku wa tarehe 11 Agosti manowari kongwe kadhaa na meli za biashara zipatazo 20 zilipangwa kuvuka mto, zikatobolewa, zikazama mahali pake. Kwa wiki zilizofuata vyombo vingine viliongezwa, majahazi yaliyojazwa mawe yakatupwa katika mapengo, na mabomu ya majini yakategwa. Nyuma ya boma hilo la vyombo vilivyozama zikakaa Ping Hai na Ning Hai, Ping Hai ikiwa na bendera ya Amiri Chen Jiliang.

Ni mpango wa busara, na ulitimiza kazi yake: manowari za Japani hazikuweza kupanda mto kwenda Nanjing kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu. Lakini bei yake ilikuwa kwamba kruza mbili za doria ziliondolewa katika doria. Mlango uliofungwa kwa adui ulikuwa umefungwa kwao pia. Hazikuweza kushuka baharini, na kupanda juu zaidi kungekuwa kuliacha boma. Chombo ambacho maana yake yote ni kuzunguka kilifanywa kuwa nguzo ya mlango, na nguzo ya mlango haikwepi bomu. Mizinga ya sentimita 14, iliyogharimu fedha na aibu kiasi kile, ilibaki ikiyaelekea maji yasiyokuja na meli. Adui alipita hewani.

Tarehe 22 Septemba ndege za jeshi la bahari la Japani zilikuja kwa makundi kutoka upande wa Shanghai. Ping Hai ndiyo iliyolengwa kwanza, kwa kuwa ilibeba bendera ya amiri. Mabaharia walipiga mizinga yao ya juu toka sitaha zisizo na kifuniko, mchana kutwa, huku maji yakirushwa na mabomu yaliyoanguka kando na vipande vya chuma vikiwapata watu mizingani. Waliojeruhiwa waliondolewa na wengine wakashika nafasi. Siku ya pili ndege zilirudi kwa wingi zaidi, zikagawanyika kati ya manowari mbili. Mizinga ya milimita 76, ya kuelekezwa kwa mkono na kwa macho, ilikuwa imewekwa kwa ajili ya ndege za mwaka 1930, zilizokwenda taratibu. Akiba ya risasi ilikuwa ikiisha. Jioni ya tarehe 23 Ning Hai na Ping Hai zote mbili zilikuwa zimetobolewa chini ya maji, zikaelekezwa kwenye maji mafupi ili zisipotelee mkondoni, na huko zikakaa tezi zikiwa zimezama, zimepwelewa kama jahazi lililosahauliwa na bamvua.

Bendera ya Chen Jiliang ilihamishiwa katika manowari ndogo Yat Sen, iliyopewa jina la Sun Yat-sen. Hiyo ilizamishwa tarehe 25. Siku hiyo hiyo Wachina wenyewe waliizamisha Hai Qi, ile iliyofika New York, pamoja na kruza tatu kongwe za rika lake, kuliongezea boma uzito. Hai Qi, ambayo kwa miaka minne haikujua ni nani bwana wake, ilimalizikia mahali ambapo makundi yote ya jeshi la bahari yalikuwa hatimaye yamekubaliana. Boma la Jiangyin lilianguka mwanzoni mwa Desemba, pale majeshi ya nchi kavu yalipolifikia kwa nyuma. Nanjing ilitekwa tarehe 13, na yaliyofuata humo yanajulikana.

Wengi husema kwamba manowari hizi zilipotea bure. Hesabu hiyo inafaa kuangaliwa upya. Katika siku zile ambazo ndege za Japani zilikuwa zikizipiga kruza mbili Jiangyin, na boma likisimama, mashine za viwanda, maktaba, vyuo na ofisi za serikali vilikuwa vikipandishwa mto kuelekea Hankou na Chongqing. Kila wiki ambayo manowari za Japani hazikuweza kuwafuata ilikuwa na thamani yake. Lakini ni lazima ikubaliwe pia kwamba kazi hiyo ya nguzo ingeweza kufanywa na boti za bei ndogo, ngome, mabomu ya majini na mizinga mingi ya kupigia ndege. Chen mwenyewe aliligundua hilo. Katika miaka iliyobaki ya vita jeshi lake la bahari lilikuwa jeshi la kutega mabomu mitoni, na likawasumbua Wajapani kwa kazi hiyo kuliko lilivyowahi kuwasumbua kwa kruza. Yeye aliondolewa madarakani mwishoni mwa mwaka 1945 kwa kutopatana na Chiang, akarudi Fujian, na akafariki mwaka 1969.

Wajapani waliziinua manowari mbili mwaka 1938 na kuzivuta nyumbani. Kwa muda kulikuwa na fikra ya kuipa serikali ya Wang Jingwei, waliyoisimamisha wao wenyewe Nanjing, lakini vita na Marekani vilipoanza kuwaelemea wakazichukua kuwa zao. Katika mwezi wa Juni 1944, zikiwa zimejengwa upya na kupewa majina ya visiwa vya Japani, Ping Hai ikawa Yasoshima na Ning Hai ikawa Ioshima, vyombo vya kusindikiza misafara ya meli. Kazi hiyo ya kusindikiza, ajabu yake, ndiyo waliyofaa kufanya tangu mwanzo: kwenda taratibu kando ya meli za biashara na kuzilinda. Kwa mara ya kwanza walikuwa kruza za doria kweli kweli, lakini kwa adui.

Haikudumu. Tarehe 19 Septemba 1944 Ioshima ilipigwa topido na Shad, manowari ya Marekani iendayo chini ya maji, kusini mwa kisiwa kikuu cha Japani. Ilikuwa imebaki siku nne kutimiza miaka saba tangu ipigwe Jiangyin. Tarehe 25 Novemba mwaka huo ndege za Marekani ziliikuta Yasoshima karibu na Santa Cruz, pwani ya Luzon nchini Ufilipino, zikaizamisha.

Vita vilipokwisha Uchina ilidai kurudishiwa vitu vyake. Yat Sen, ambayo Wajapani walikuwa wameiinua pia na kuitumia, ilirudishwa mwaka 1946. Mwaka 1947 nanga za Zhenyuan zilitolewa katika bustani ya Ueno na kusafirishwa nyumbani, baada ya zaidi ya miaka hamsini ya kutazamwa na wapitanjia wa Tokyo. Ning Hai na Ping Hai hazikuwamo katika hesabu ya vitu vya kurudishwa. Moja ilikuwa imezama kusini mwa Japani na nyingine pwani ya Luzon, kila moja na jina lisilo lake.